Papa Alivyotung'arisha Meno

Nyumbani kwetu meno yalikuwa mali ya Papa. Sisi tulikuwa tunamshikia tu.

Papa alikuwa mng'arishaji wa shaba. Watu wa mbali wakisikia Lubumbashi wanadhani kila mzee wa hapa alishuka chini ya ardhi na taa kwenye kofia. Wapi! Papa hakushuka popote. Alikuwa kwenye karakana ya kampuni, juu, kwenye mwanga, akisugua vitasa vya milango ya wakubwa, vibao vya ofisi, sahani za kutundika ukutani na misalaba midogo ya shaba waliyopewa wageni kabla ya kwenda kupanda ndege Luano. Kazi hiyo ilikuwa na dawa moja: limau, chumvi na majivu ya mkaa yaliyochekechwa hadi yakawa laini. Nusu ya limau unaichovya kwenye chumvi, unasugua. Halafu kitambaa chenye majivu, unasugua tena. Halafu maji. Shaba iliyokuwa nyeusi inatoka nyekundu kabisa. Papa aliamini, na aliamini kwa roho yake yote, kwamba kitu kinachoweza kuishinda shaba hakiwezi kushindwa na jino la mtoto.

Basi kila Jumamosi, siku ambayo sisi huiita siku ya posho kwa sababu zamani ndiyo siku ambayo kampuni iligawa unga, tulipanga foleni uani. Kaka yangu mbele, mimi katikati, mdogo wangu wa kike nyuma akianza kulia mapema ili amalize mapema. Papa aliketi kwenye kigoda, bakuli mapajani, vitambaa viwili begani: cha kushoto cha shaba, cha kulia cha meno. "Fungua," anasema. Ukifungua nusu anakasirika. "Fungua muzuri! Jino haiko siri." Limau likigusa fizi, machozi yanatoka yenyewe hata kama huna huzuni yoyote. Ukishasuguliwa, unageuzwa uso. "Cheka na jua!" Unalichekea jua, macho umeyafumba, mpaka Papa auone mmeto anaoutaka. Usipometa, limau tena. Wakati wa mvua, jua likikosekana, tulikuwa tunachekea tochi.

Siku moja alichanganya vitambaa. Kaka akasuguliwa meno na cha shaba, akatema mate ya kijani hadi Jumatatu, na sahani moja ya padri ikasuguliwa na cha meno. Papa alisikitika sana siku hiyo. Aliisikitikia sahani.

Mtu mmoja tu nyumbani hakupita kwenye kile kigoda: Mama. Alikataa tangu mwanzo wa ndoa. Hakuwa na sababu ya kisayansi, alisema tu limau ni la samaki. Yeye alikuwa na mswaki wake laini na dawa kidogo, anapitisha taratibu kama mtu anayempangusa mtoto aliyelala, anatema, basi. Papa alimwonea huruma. Wageni wakija, sisi watatu tukishasimamishwa mstari na kuamriwa kucheka, alikuwa anawaomba radhi kwa niaba yake: "Mumusamehe bibi yangu, iko na meno ya ku kijiji." Mama anacheka, anaendelea kutafuna karanga.

Na sifa tulipata, siwezi kudanganya. Parokia nzima ilitujua. Kaka alipokuwa akisoma somo la kwanza kwenye misa, kuna kina mama waliokuwa hawasikii neno hata moja, wanamwangalia kinywa. Papa ameketi benchi la mbele, shingo imenyooka, unafikiri ni yeye aliyeandika Biblia.

Tulipokua, meno yakaanza kugeuka. Kwanza yakapata umanjano, si wa uchafu, wa ndani. Papa akaangalia, akasema ni kutu. Kutu! Na kutu dawa yake inajulikana. Akasugua zaidi, na umanjano ukazidi, na kwa sababu ulizidi akasugua zaidi. Sisi wote, watu waliosoma, kaka ana diploma, hakuna aliyejiuliza mbona kutu hii inapenda kusuguliwa. Meno ya mbele ya kaka yalikonda kwenye ncha mpaka unaona mwanga kwa ndani, yakaanza kumeguka kidogo kidogo akila mkate. Mkate! Mdogo wangu hakuweza tena kunywa kitu cha baridi. Mimi magego yangu yalichimbika katikati, vishimo vya mviringo, ulimi ukawa unaingia humo kutembea.

Kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Kaka anakaa karibu na Luano, akasema ni ndege: zikiruka zinatikisa nyumba, nyumba inatikisa meno. Mdogo wangu alilaumu dawa ya meno inayotoka Zambia. Mimi nauza vitenge, naenda mpaka njia ya Kinsevere kuwafuata wake za wafanyakazi wa mgodi, kwa hiyo nililaumu vumbi la barabara. Papa alisikiliza maelezo yote matatu kwa heshima, akafikiri, na yote matatu akayaandikia dawa ileile. Ndiyo, tulikuwa watu wazima wenye nyumba zetu, na bado siku ya posho tunapitia kwa Papa kusuguliwa. Mume wangu alidhani ni mila ya ukoo, na kwa adabu hakuuliza.

Siku moja mteja wangu, mama mmoja mkarimu, alinitolea munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, kutoka frigo. Munkoyo wa baridi, siku ya joto, utakataaje? Nilimeza funda moja, nikapiga kelele, nikaketi chini juu ya vitenge vyangu mwenyewe. Yule mama alidhani nimepatwa na mapepo. Aliposikia ni meno, akanielekeza kwa daktari wake mjini, binti mdogo tu, wazazi wake watu wa Kasai, ana miwani mikubwa na mikono midogo.

Aliniangalia kinywani muda mrefu. Akazima taa, akaiwasha tena. Halafu akauliza:

"Mama, weye unatumika ku asidi?"

Akanieleza kwamba meno kama yangu anayaona kwa wanaume wanaofanya kazi kwenye mabeseni ya asidi, kule shaba inakosafishwa. Mvuke wa asidi unawala meno miaka kwa miaka. Nikamwambia nauza vitenge. Akauliza mume wangu je. Nikamwambia mume wangu ni mwalimu, na hata angekuwa huko, ugonjwa huo hauambukizwi kwa kubusu, au? Akacheka. Akauliza nakunywa soda nyingi? Natapika mara kwa mara? Nilikula udongo wa pemba nilipokuwa na mimba? Nikasema hapana, hapana, kidogo tu. "Unasuguaka meno na nini?" Nikamwambia.

Kalamu ilimwanguka. Sisemi kwa kupamba, ilianguka, ikabiringika mpaka chini ya kiti.

Alinieleza polepole, nafikiri alihofia nisije nikazimia. Jino lina gamba gumu la nje, enameli. Limau linalilainisha lile gamba. Likiwa limelainika, hapo ndipo majivu yanapolikwangua, na likishakwanguka halioti tena, si leo, si kesho. Umanjano ule si kutu, ni sehemu ya ndani ya jino inayochungulia kwa sababu ukuta umekwisha. "Mama, ulikuwa hausugue uchafu," akasema. "Ulikuwa unasugua jino yenyewe." Limau liondoke kabisa. Nikila kitu kikali au nikinywa soda, nisukutue na maji matupu, halafu ningoje, hata saa moja, ndipo nipige mswaki; nikipiga palepale nitakuwa namalizia kazi ya asidi. Mswaki laini, dawa yenye floridi, mkono mwepesi. "Iliyoisha imeisha. Tulinde ile inabakia."

Nilitoka pale na mswaki mpya, nimefurahi hata. Nilifika mpaka kwenye kona ya soko ndipo swali likanijia. Nani atamwambia Papa?

Usicheke. Karakana ile ilikwishafungwa. Vitasa viliibwa, vibao viliyeyushwa, sahani ziliuzwa na watu wasiojulikana. Katika vitu vyote ambavyo Papa aling'arisha maishani mwake, vilivyobaki duniani, ukiacha sahani moja aliyokuja nayo nyumbani, vilikuwa vinywani mwetu. Na mimi niende nimwambie kwamba hivyo ndivyo alivyoviharibu? Kwa mkono wake, kila Jumamosi, kwa upendo ule? Nililia pale kona ya soko. Muuza mandazi akanipa andazi, nikashindwa kulitafuna, nikazidi kulia.

Niliwaambia kaka na mdogo wangu. Tukakubaliana kwa haraka, kama wezi: tunaacha limau, na Papa hatajua kamwe. Jumamosi zikajaa visingizio. Kaka ana kikao. Mdogo wangu ana semina ya wana wa Maria. Mimi kitenge kimefika. Papa aliketi uani na bakuli lake, anasugua sahani yake moja aliyobaki nayo, anasema hakuna shida, watoto wana kazi. Tungeweza kuishi hivyo mpaka mwisho.

Lakini binti yangu akaota meno ya mbele.

Alikuwa anajiandaa kwa komunyo ya kwanza. Meno mapya, mapana, yana vile vimeno vidogo pembeni kama msumeno, hayajaguswa na kitu. Papa aliyaona siku ya Pasaka, akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye jua, na nikaona uso wa Papa unarudi ujana. "Hii ya komunyo nitafanya miye mwenyewe," akatangaza. "Nguo nyeupe na meno nyeupe, bishindane. Posho ile ya mbele ya komunyo, unamuleta."  Mtoto akaruka ruka kwa furaha, maana mimi nilikuwa nimeficha kila kitu hata kwake, hakujua limau linafanyaje.

Hapo ndipo tulipopotewa na akili, sote watatu. Kaka, mtu wa diploma, mtu mwenye ofisi, alipanda mlimau wa Papa saa ya mchana Papa akiwa amejilaza, akavuna malimau yote, hata machanga. Papa alipoamka akaukuta mti mtupu, hakuuliza sana. Alisema kuna majirani wanaoyaonea wivu meno ya familia yetu, akaenda sokoni, akarudi na ndoo nzima. Mdogo wangu akaja na hoja ya kanisa: mtoto anafunga kabla ya komunyo, limau linavunja mfungo. Papa alivaa kofia, akaenda kumwuliza padri. Padri, maskini, hajui lolote, akamjibu kwamba kwa anavyofahamu yeye Kanisa halina msimamo wowote juu ya limau. Papa alirudi ameshinda. Papa alipochanganya dawa ya kujaribia, mimi nikayamwaga maji ya limau yaliyokuwa bakulini, nikaweka maji yenye majani ya mlimau yaliyosagwa. Sikukumbuka kwamba Papa huonja. Alichovya kidole, akaweka ulimini, akaniangalia.

"Hii njo nini?"

Nikachoka. Nikasema: "Papa, mtoto asisuguliwe. Dokta ya meno alisema."

"Dokta gani?"

Ndipo akajua kwamba nimekwenda kwa daktari. Hakukasirika kwamba nina maumivu. Alikasirika kwamba mtu mgeni ameingiza mikono kwenye kazi yake bila kumwita aliyeifanya. Kwake hiyo ilikuwa dharau ya ufundi. "Hata ku karakana," akasema, "mutu hagusi kazi ya mwenzake bila kuuliza." Akaweka bakuli chini. Halafu akasema twende. Wote. Yule daktari aone kazi yote, si kipande.

Tulikwenda wote. Papa amevaa koti lake la harusi, Mama na kitenge cha kanisa kwa sababu alikataa kubaki, kaka ameomba ruhusa kazini kwa barua isiyosema ukweli, mdogo wangu, mimi, na mtoto. Tulijaza chumba cha kungojea mpaka mgonjwa aliyekuwa na shavu lililovimba akasimama kutupisha.

Daktari alianza na kaka. Akaandika. Akamwita mdogo wangu, akaandika. Mimi tena. Halafu Papa mwenyewe, ambaye meno yake yalikuwa yamebaki vipande vifupi sambamba na fizi, vinang'aa, lazima niseme, vinang'aa sana. Mwisho Mama akapanda kitini, akafungua kinywa. Daktari akamwita msaidizi wake aje kuona. Meno yote, mazima, ya rangi ya maziwa ya ng'ombe, kwa mama mwenye wajukuu.

Daktari akageuka. "Hii meno ingine," akauliza, "nani aliyatumikia?"

Papa akanyanyua mkono juu. Juu kabisa, kama mwanafunzi anayelijua jibu. "Miye, Dokta. Yote ni kazi yangu."

Nilisimama nyuma ya Papa nikimtikisia daktari kichwa. Nilimwomba kwa macho, kwa mikono, kwa kila kitu. Aliniona. Binti yule ana akili. Alimeza alichotaka kusema, akarekebisha miwani. "Papa... ni kazi ya mikono nguvu," akasema. Akamgeukia mtoto badala yake, akaanza kumfundisha yeye: soda si ya kila siku, na malimau si ya kusugulia, na ukishakula maembe mabichi na chumvi, sukutua na maji, ngoja, ndipo mswaki.

"Juu ya nini kungoja?" Papa akauliza. Aliuliza kama fundi anavyomwuliza fundi.

"Kisha limau, Papa, jino inakuwa laini kidogo. Ukisugua palepale, unaitoa."

"Inarudi?"

"Hapana, Papa. Hairudi."

  Papa akaanza kusema, polepole, akiangalia sakafu, kwamba karakanani kulikuwa na sahani ya mkurugenzi, sahani kubwa imechorwa tembo. Walikuwa wanaing'arisha kila wiki. Miaka ikapita, masikio ya tembo yakafifia. Halafu miguu. Halafu siku moja ikawa sahani tupu, laini, inameta ajabu. Mkurugenzi akauliza tembo yuko wapi. "Tukamuambia, Patron, ni juu ya usafi," Papa akasema, akacheka peke yake. Hakuna aliyecheka naye, na kicheko chake kikaisha mahali fulani katikati.

Akakiomba kile kioo kidogo cha daktari. Akasimama mbele ya kaka yangu. "Naomba ufungue," akamwambia. Maishani mwangu sikuwahi kumsikia Papa akituomba. Kaka akafungua. Papa akaangalia juu, chini, ndani, muda mrefu. Akaenda kwa mdogo wangu. Akaja kwangu, na pumzi yake ilikuwa karibu na uso wangu, na nilitaka kufunga kinywa nimwambie si kitu, Papa, si kitu, lakini mtu huwezi kusema ukiwa umefungua kinywa. Akamaliza na Mama. Halafu akakirudisha kioo mezani.

"Mulijua?" akatuuliza.

 Mama akamshika mkono, wakatoka. Siku ile ya posho kabla ya komunyo Papa hakuita mtu. Mtoto alipiga mswaki wake mwenyewe, laini, mbele yake, akihesabu kwa sauti kama alivyofundishwa. Papa alimwangalia mkono tu. Alipoona anasukuma kwa nguvu akasema, "Polepole."

Siku ya komunyo Mama alipika mbuzi. Wageni walijaa uani: watu wa parokia, mkubwa wa kaka kazini na mke wake, wateja wangu. Kwetu Papa ndiye anayehudumiwa kwanza, na kila mtu alingoja aanze. Hakuanza. Alinawa mikono, akavuta sufuria karibu yake, akatoa pande la nyama, akaanza kulitenganisha na mfupa kwa vidole. Uzi mmoja, uzi mwingine. Akalichambua mpaka likawa laini kama la mtoto anayeachishwa ziwa, akaliweka kwenye sahani ya kaka.

"Papa," kaka akanong'ona, "bantu banaangalia."

"Baangalie."

Akachukua pande lingine, akamfanyia mdogo wangu. Lingine akanifanyia mimi. Mafuta yanamtiririka mpaka kwenye mkono wa koti, na mkubwa wa kaka ameshika kijiko hewani. Mimi nina watoto, nina nyumba, nina biashara. Nilikula nyama iliyochambuliwa na Papa.

Binti yangu, na nguo yake nyeupe, akamsogezea babu yake sahani. "Nkambo, na miye unichambulie."

Papa akatafuta sufuriani. Akatoa ubavu mzima, na nyama yake yote, na mfupa wake wote, akamwekea.

"Hapana," akamwambia. "Weye uko na meno. Tafuna."